Injini Imefanyiwa Ovahoo na Bado Inagonga: Mwongozo Kamili wa Kuutafuta Mlio Kabla ya Kuifungua Tena

Ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, kranki (shafti kuu ya injini) imechongwa. Injini inawashwa, na ndani kuna kitu kinagonga. Kinachofuata kwenye gereji nyingi kinajulikana: oili inamwagwa na kuwekwa nzito zaidi, mlio unafifia siku chache, kisha unarudi. Hedi inafunguliwa, halionekani kosa, inafungwa na gasketi nyingine. Pesa imetoka mara mbili na mlio upo palepale.

Mara nyingi shida ni mpangilio wa kutafuta. Fundi anasikia "tok-tok", anasema "hiyo ni bigi endi" (beringi ya chini ya konrodi, mkono unaounga pistoni na kranki), anaanza kufungua. Hapa tutakwenda kinyume. Baada ya kuizungusha injini kwa mkono: presha ya oili kwanza, vitu vya nje pili, mdundo wa mlio tatu, na ndani ya injini mwisho kabisa. Mifano mingi nitaitoa kwenye 1NZ-FE ya Toyota, kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani kwetu ndani ya IST, Probox, Premio na Allion. Njia yenyewe inafaa karibu injini yoyote ya petroli, na penye tofauti ya dizeli nitasema.

## Andaa hivi kwanza

- Geji ya presha ya oili ya kufunga kwa mkono, pamoja na nipo ya kuingia mahali pa swichi ya oili. Kwenye Toyota nyingi nyuzi zake ni za 1/8.
- Stetoskopu ya fundi. Ukikosa, bisibisi ndefu yenye mpini mgumu inatosha.
- Kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, cha kusikilizia hewa inayovuja.
- Chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni.
- Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), spana ya toki (inayokaza kwa kipimo), tochi na sumaku.
- Taa ya taimingi, kama unaweza kuazima.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Namba kamili ya injini na vipimo vyake vya kiwandani. Vipimo vya 5A-FE usivitumie kwenye 1NZ kwa kuwa zote ni Toyota za 1500.

Tahadhari moja kabla ya yote: utakuwa unainama juu ya injini inayozunguka. Vua tai, shanga na kanga ya mabegani, kunja mikono ya shati, na bisibisi ikae mbali na feni na mkanda. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila taarifa.

## Hatua ya 1: Izungushe kwa mkono

Kama injini haijawashwa bado, au imewashwa ikagonga ikazimwa, toa plagi zote nne. Weka spana kwenye bolti ya puli ya kranki na uzungushe kuelekea upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili, polepole.

Sababu: kranki inazunguka mara mbili ili kemshafti (shafti inayofungua valvu) izunguke mara moja. Mizunguko miwili inapitisha kila valvu na kila pistoni kwenye kazi yake yote. Kama pistoni inagusa valvu, mkono wako utahisi kigumu cha ghafla, cha chuma kwa chuma. Usilazimishe. 1NZ-FE ni injini ambayo pistoni na valvu hukutana taimingi ikikosewa, na kusukuma kwa nguvu hapo ni kupinda valvu.

Baada ya mizunguko miwili, alama za gia za kemshafti na ya puli lazima zirudi mahali pake. Usitafute viungo vya rangi vya cheni. Hivyo havirudi kwenye alama kila mizunguko miwili, na mafundi wamewahi kufungua kava la cheni bure kwa kudhani taimingi imeruka. Angalia alama za gia tu.

Mafanikio yanaonekana hivi: ugumu ni ule ule mwanzo hadi mwisho, laini na mzito kidogo kwa sababu ya ringi mpya, bila pahala pa kukwama.

## Hatua ya 2: Pima presha ya oili kwa geji, usiiamini taa

Taa nyekundu ya dashibodi huzimika kwenye presha ndogo sana. Ikizimika maana yake kuna presha kidogo. Haikuambii kama inatosha beringi.

Toa swichi ya oili, funga geji. Plagi zikiwa nje na soketi za nozeli (zinazopulizia petroli) zimechomolewa, piga stata kwa sekunde kumi, pumzisha, rudia, hadi sindano ipande. Injini iliyotoka kufungwa ina njia za oili tupu, na tensheni (kikaza) ya cheni ya 1NZ hufanya kazi kwa presha ya oili, kwa hiyo ukiiwasha ikiwa kavu utasikia kelele ya cheni ambayo si ugonjwa. Ni ukavu tu.

Sasa rudisha plagi na soketi, washa, acha ipate moto kamili. Kwa 1NZ-FE iliyopata moto, kiwango cha chini ni 0.3 kgf/cm² ikiwa kwenye silensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na kati ya 1.5 na 5.5 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Hiyo 0.3 ni kiwango cha injini iliyochoka ambayo bado inaruhusiwa kutembea. Injini mpya inayokupa 0.3 kwenye silensi inakuambia jambo: nafasi ya beringi ni kubwa, pampu ya oili imechakaa, bomba la kunyonyea oili halikubana sawasawa, au plagi ya njia ya oili ilisahaulika walipoosha bloku.

Presha ikiwa chini ya kiwango, zima na usiendelee na hatua nyingine. Hapo hakuna mlio wa kutafuta tena, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe.

Na hapa niseme wazi kuhusu oili nzito. Kuweka 20W-50 kwenye injini inayotaka 5W-30 kunapandisha sindano ya geji na kunapunguza kelele, ndiyo maana inapendwa siku ya kukabidhi gari. Lakini asubuhi inachelewa kufika juu, na VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu), inayosukumwa na oili hiyohiyo kupitia chujio dogo, inakuwa nzito. Kama fundi wako alishaiweka, imwage kabla ya kuendelea. Huwezi kusikiliza injini iliyozibwa mdomo.

## Hatua ya 3: Toa vitu vya nje kwenye lawama

Hapa ndipo hela nyingi huokolewa, kwa hiyo usiharakishe.

Mkanda. Zima, toa mkanda wa altaneta, washa tena. Mlio ukipotea, mkosaji ni altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC au puli. Kwenye 1NZ mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo usizidishe dakika moja.

Ekzosi. Manifoldi isiyokaza, au gasketi yake ya zamani iliyorudishwa ili kubana matumizi, hutoa "tiki-tiki-tiki" inayofanana na tapeti (vikombe vya juu ya valvu) kabisa. Tofauti zake: inasikika zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, inazidi ukikanyaga mafuta, na inapungua chuma kikipanuka. Shika mpira wa maji sikioni, ncha ya pili ipitishe kwenye maungio bila kugusa chuma. Penye uvujaji utasikia pumzi kali sikioni. Masizi meusi kandokando ya gasketi ni ushahidi wa kutosha.

Plagi. Plagi isiyokazwa hupumua kwa mdundo. Toa koili, puliza maji kidogo ya sabuni kwenye shimo la plagi, rudisha koili, washa sekunde chache. Povu likichemka, umepata.

Tokikonveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi ya otomatiki) na flaiwili. Hii ndiyo inayowadanganya hata mafundi wazoefu. Injini iliposhushwa, nati au bolti zinazounga tokikonveta na sahani yake zilifunguliwa. Moja ikiachwa legevu, au sahani ikiwa na ufa, unapata mlio mzito wa kugonga kwenye silensi ambao kila mtu ataapa ni bigi endi. Mara nyingi hupungua au hubadilika ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki. Fungua kifuniko kidogo cha chini, zungusha kranki kwa mkono, kagua bolti moja moja. Gari la gia za mkono: kanyaga klachi. Mlio ukianza unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ukipotea unapokanyaga, shuku beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi. Ukibadilika kuwa kugonga kwa ndani, kumbuka jambo hili, tutalirudia kwenye trasti washa (vyuma vinavyozuia kranki kusogea mbele na nyuma).

Sampu na kava la cheni. Barabara zetu zinapiga sampu. Iliyobonyea ndani hugusana na bomba la kunyonyea oili au hata kranki. Na kwenye kava la cheni kuna bolti za urefu tofauti. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, ncha yake inaweza kuikwaruza cheni. Kama mafundi walichanganya bolti kwenye kopo moja, hili liwe juu kwenye orodha yako.

Baada ya hapo pitisha mkono, injini ikiwa imezimwa na baridi, kwenye bati za kuzuia joto, mrija wa kijiti cha oili na vishikio vya waya. Kisichokazwa kitacheza.

## Hatua ya 4: Soma mdundo

Mlio ukibaki, sasa ni wa injini. Swali la kwanza: unagonga kwa kasi ya kranki au kwa nusu yake?

Kwenye mizunguko 700, kranki inazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, kemshafti mara 6. Huwezi kuhesabu, lakini sikio linatofautisha. Mlio wa nusu kasi unatoka kwenye valvu, tapeti, kemshafti, au pistoni inayogonga wakati wa mlipuko peke yake. Wa kasi kamili unatoka chini: konrodi, beringi za meni (zinazoishika kranki kwenye bloku), sahani ya tokikonveta, puli ya kranki.

Kwenye injini yenye waya za plagi na distribyuta, kama 5A-FE, funga taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya kwanza. Taa inamulika mara moja kila mizunguko miwili. Mlio mmoja kwa kila mmuliko: nusu kasi. Milio miwili: kasi ya kranki. Ni kipimo cha bei rahisi kinachomaliza ubishi wa gereji nzima.

Swali la pili: lini? Rekodi kwa simu mara tatu, injini ikiwa baridi, ikiwa moto kwenye silensi, na ikipandishwa polepole hadi 2500 kisha kuachiwa. Simu ikae mahali palepale mara zote tatu.

## Hatua ya 5: Pata mahali

Gusa ncha ya bisibisi au stetoskopu kwenye kava la valvu, hedi, bloku, sampu, kava la cheni. Linganisha silinda ya kwanza hadi ya nne. Chuma husafirisha sauti, kwa hiyo usitafute mahali panapotoa mlio. Tafuta panapotoa mkali kuliko kwingine. Nozeli zitakupigia "chik-chik" kali sana kwenye bisibisi. Hiyo ni kazi yake, zipite.

## Hatua ya 6: Ondoa mzigo silinda moja moja

Hiki ndicho kipimo kikuu cha milio ya chini.

Injini ikiwa moto na imesimama kwenye mizunguko inayosikika vizuri, chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Sikiliza. Rudisha. Nenda ya pili.

Wengi huchomoa koili. Usifanye hivyo kwenye injini mpya. Koili ikichomolewa petroli inaendelea kumwagika bila kuwaka, inaosha oili kwenye kuta za silinda wakati ringi hazijajikalia, na inakwenda kuungua kwenye katalisti ya ekzosi. Ukichomoa nozeli, silinda inabaki na hewa tu. Taa ya injini itawaka, itafutwa baadaye.

Unachosikia kinasomeka hivi:

- Mlio ukipungua sana au kupotea: beringi ya bigi endi au pistoni ya silinda hiyo.
- Ukigeuka kuwa wa kugonga mara mbili, au kuwa mkali zaidi: gajoni pini (pini inayounga pistoni na konrodi).
- Ukibaki ulivyo kwenye silinda zote: rudi kwenye valvu na cheni, au kwenye vitu vya nje.
- Ukipungua kwenye silinda mbili zilizo jirani: shuku beringi ya meni iliyo katikati yao.

Kwa dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida, kama 3L, kazi hiyo hufanywa kwa kulegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, miwani machoni na kitambaa juu ya nati. Kwa dizeli za komoni reli, kama 1KD na 2KD, usilegeze paipu kamwe injini ikiwaka. Mafuta yanatoka kwa presha ya kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali. Tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari kuzima nozeli.

## Hatua ya 7: Linganisha na wahalifu wa kawaida

Bigi endi. "Ko-ko-ko" ya chuma kigumu. Husikika wazi unapopandisha hadi 2000 au 2500 kisha ukaachia taratibu. Pale mzigo unapogeuka, inajisema. Injini ikipata moto inazidi, kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Ukiithibitisha, zima. Usiendeshe hata hadi gereji. Ita gari la kuvuta. Kranki inayohitaji kuchongwa tena leo, kesho inaweza kutoboa bloku.

Beringi za meni. Mlio mzito wa kugonga chini, "du-du-du", unaosikika gari likiondoka au likipanda mlima kuliko likisimama.

Trasti washa. Kama mlio ulibadilika ulipokanyaga klachi, shika puli ya kranki na uisukume mbele na nyuma kwa wenzo. Mchezo unaouona kwa macho ni mkubwa mno. Kosa la kawaida ni kuzigeuza: mifereji ya oili lazima itazame kranki, si bloku.

Pistoni. Mlio wa kugonga kama wa pangoni, mpana, asubuhi tu, unaofifia injini ikipata moto kwa sababu pistoni inapanuka. Kwenye injini ya zamani tunauvumilia. Kwenye iliyotoka kufungwa, kamuulize aliyechonga silinda: alipima pistoni zenyewe mkononi, au alichonga kwa namba ya kwenye boksi? Angalia pia kama alama ya pistoni ilitazama upande wa cheni.

Cheni. Mkwaruzo upande wa puli. Sekunde moja mbili asubuhi ni kawaida. Ikiendelea injini ikiwa moto na presha ni nzuri, tensheni haijatoka au reli yake imewekwa vibaya. Kwenye 1NZ tensheni imejificha ndani ya kava, kwa hiyo kava litoke.

Tapeti. Tiki nyepesi ya nusu kasi, juu. Ikiwa ni nyingi kwa pamoja, injini inalia kama cherehani. Pima injini ikiwa baridi: 1NZ-FE inataka 0.15 hadi 0.25 mm kwa valvu za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 mm kwa za kutoa. Haina shimu za kubadilisha juu. Unabadilisha kikombe chenyewe, na kemshafti lazima zitoke.

Hapa kuna mtego ambao kelele haiutaji. Valvu na viti vyake vikisagwa, shina la valvu linapanda na nafasi inapungua. Injini inakuwa kimya, mteja anafurahi, na baada ya muda valvu za kutoa zinaungua kwa sababu hazifungi. Injini iliyosagwa valvu ambayo tapeti zake hazisikiki hata kwa bisibisi, mimi ningeipima kabla ya ile inayopiga tiki-tiki.

Mlio wa njugu mlimani. Kengele nyembamba ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, na kimya kwenye silensi. Hiyo si beringi. Mchanganyiko unalipuka vibaya: distribyuta imesogezwa mbele mno, hedi imechongwa sana ikapandisha kompresheni, au soketi ya sensa ya kusikia mlio huu haikurudishwa. Sensa hiyo ina toki yake. Kuikaza kupita kiasi kunaifanya isisikie.

## Hatua ya 8: Fungua filta kabla ya kufungua injini

Toa filta ya oili na uikate kwa kikatio cha duara. Usitumie msumeno, unatupa unga wake wa chuma ndani na utaudhania wa injini. Tandaza karatasi ya filta kwenye kitambaa cheupe juani.

Unga mwembamba wa kijivu na mabaki ya grisi ya kufungia ni kawaida kwa oili ya kwanza. Vipande vinavyoonekana kwa macho si kawaida. Pitisha sumaku: kinachonasa ni chuma, yaani ringi, cheni, kemshafti au kranki. Kisichonasa na kinang'aa kama fedha ni alumini au uso wa beringi. Rangi ya shaba kwenye beringi za tabaka tatu maana yake uso umeisha na mlo umefika ndani.

Filta safi, presha nzuri na mlio usiobadilika kwenye hatua ya 6 ni sababu ya kurudi hatua ya 3, hata kama fundi ameshashika spana.

## Ikibidi kufungua

Anzia chini. Sampu inatoka bila kugusa hedi kwenye injini nyingi, na beringi zinapimika kutoka hapo.

Kagua kofia za konrodi kwanza: namba ya kofia na ya konrodi zinalingana, na ulimi wa beringi umekaa kwenye mfereji wake. Soma nyuma ya beringi: kranki iliyochongwa 0.25 inataka beringi za 0.25, na boksi lililoandikwa hivyo si ushahidi mpaka usome chuma chenyewe. Kisha pima kila moja kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa kwenye beringi ili kupima nafasi yake), ukikaza kwa toki kamili. Kwa 1NZ konrodi hukazwa 15 Nm kisha nyuzi 90; aliyekaza kwa mkono "mpaka ikaze" hajakaza.

Piga picha kila kofia kabla haijaguswa, na piga tena plastigeji ikiwa imekaa kwenye chuma pamoja na kadi yake ya kipimo. Kama kazi ilikuwa na dhamana, hizo picha, video ya geji na zile rekodi tatu za simu ndizo utakazoweka mezani mbele ya aliyeifunga, badala ya kubishana naye kuhusu nani ana sikio zuri.